Sentensi iliyoachwa nje

Mmeuliza wiki hii: vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiisha kwa mapatano, je, mapatano yaingizwe kwenye katiba neno kwa neno, au kiini chake kinatosha? Mimi nasema neno kwa neno, hasa panapohusu muda wa kukaa Ikulu.

Nafundisha Uraia sekondari hapa Dodoma. Mwaka jana niliwagawia kidato cha nne nakala mbili. Moja ya Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi, uliosainiwa Agosti 28, 2000 (wengi huuchanganya na Azimio la Arusha). Mwalimu Nyerere aliusuluhisha hadi mauti yalipomkuta mwaka 1999, Mandela akaumalizia. Unasema rais atachaguliwa kwa miaka mitano, atarudia mara moja tu, na hakuna mtu atakayezidisha mihula miwili. Nakala ya pili ni ya Katiba ya Burundi ya 2005. Ibara ya 96 inasema rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa miaka mitano, na anaweza kurudia mara moja. Basi. Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye babu yake alikimbia Burundi mwaka 1972 na kufikia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, alipitisha kidole mstari kwa mstari, akarudia. "Mwalimu, ile ya 'hakuna mtu' imeenda wapi?"

Haimo. Kisha ibara ya 302 ikaruhusu rais wa kwanza baada ya mpito achaguliwe na wabunge na maseneta, na ndivyo alivyoingia Pierre Nkurunziza. Ilipofika 2015, alipotaka muhula wa tatu, upande wake ukadai muhula ule hauhesabiki kwani wananchi hawakumpigia kura. Mahakama ya Katiba ikakubali. Damu ikamwagika Bujumbura, na mamia ya maelfu wakaikimbia nchi, wengi wakaishia kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma.

Lakini tazameni yaliyoandikwa kwa tarakimu katika Katiba ile ya 2005: Bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, Seneti nusu kwa nusu, wanawake wasipungue asilimia 30. Hata katiba ya 2018, iliyorefusha muhula hadi miaka saba, haikuthubutu kuyafuta.

Kwa hiyo waliosaini mapatano wasiruhusiwe kwenda nyumbani mapema. Wakae na waandishi wa katiba, hati zote mbili zikiwa mezani, hadi ibara ya mwisho isomwe kwa sauti.