Maswali Yenu ya Ufinyanzi: Chungu Kimelipuka Motoni

Nina miaka 46 na sijawahi kushika udongo. Nimechelewa?

Hujachelewa. Mfinyanzi mashuhuri Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, alikwenda Uingereza kusomea usanifu wa michoro. Udongo ulimnasa huko akiwa mtu mzima, na mwaka 1974 akaenda Nigeria kujifunza kwa wanawake wa Kigwari wanaofinyanga kwa mkono. Vyombo vilivyomjengea jina havikupita kwenye gurudumu la kufinyangia. Kinachowaponza wanafunzi watu wazima ni haraka, wala si vidole vigumu.

Nilianika chungu siku 3, nikakichoma, kikalipuka. Mwalimu anasema udongo ulikuwa na hewa.

Hewa inasingiziwa mno. Kinacholipua chungu ni maji. Udongo huonekana mkavu kwa nje, kumbe ndani, hasa kwenye kitako, bado umeshika unyevu. Joto likipita nyuzi 100 unyevu huo hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hubomoa ukuta. Endelea kukanda vizuri, lakini ukitaka kujua kama chungu kimekauka, kiguse kwa shavu: kikiwa cha baridi, kirudishe kivulini. Siku 3 ni chache mno kwa kitako kinene, tena msimu wa mvua! Funika mdomo kwa kitambaa usikauke kabla ya kitako, halafu kipindue. Siku ya kuchoma, kipashe polepole kando ya moto mdogo kwanza.

Vile vigae usivitupe. Vitwange, vichekeche, uchanganye na udongo mpya. Hupunguza kunywea na kuuachia mvuke njia. Kwangu hiyo ndiyo dawa kubwa kuliko zote.

Kamba za udongo ninazopanga kujenga ukuta wa chungu zinaachana.

Kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, kisha kwa kidole gumba shusha udongo wa kamba ya juu ushikane na wa chini, ndani na nje. Kupachika tu hakutoshi.

Nimekipaka chungu changu rangi ya mafuta. Nikipikie?

Hapana, hicho kiwe cha maua. Cha kupikia usikipake rangi. Kisugue kwa kokoto laini kabla hakijakauka kabisa, na ukishakichoma, chemshia uji mwepesi ili wanga uzibe vitundu. Kikiwa cha moto usikimiminie maji baridi.