Kwa nini hawakukata

Mwanangu Salma,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, kama uvimbe ni mdogo hivyo, kwa nini wasikate wakautoa?" Nilikujibu juujuu kwa sababu mdogo wako alikuwa karibu. Leo nakujibu sawasawa.

Uvimbe huu wa saratani kwenye ini langu una sentimita 2 na nusu tu. Tatizo ni ini lenyewe. Homa ya ini B imekaa humo miaka mingi, imelijaza makovu, limekuwa gumu. Mwenye ini zima akikatwa kipande, linakua tena. Langu likikatwa, litakalobaki huenda lisiweze kazi. Ndiyo maana wameuchoma uvimbe palepale ulipo.

Walinipa dawa ya usingizi, wakapitisha sindano ndefu kati ya mbavu za kulia huku wakiifuatilia kwenye altrasaundi. Ncha yake inapasha nyama moto. Ikifika nyuzi 60, seli zinakufa papo hapo. Nilimuuliza daktari mbona wasiongeze moto yaishe upesi. Akasema moto ukizidi, nyama iliyo karibu na ncha inakauka ikawa mkaa, na joto halipenyi tena. Hapo nilimwelewa mara moja. Maandazi nimekaanga miaka mingapi? Moto mkali, nje jeusi, ndani bichi. Tena hawaishii kwenye uvimbe, wanachoma na ukingo wa nyama yenye afya kuuzunguka, maana chembe za saratani hujificha hapo.

Nilipoamka, kidonda chote kilikuwa tundu moja chini ya plasta. Kilichonitesa ni bega la kulia, ambalo hakuna aliyeligusa, na homa ya siku 3. Wakaniambia ni kawaida, na kweli imepita.

Uliuliza kama nimepona. Baada ya mwezi nitapigwa picha ya CT waone kama pote pameungua. Uvimbe usiozidi sentimita 3 ndio moto huu unaouweza hasa, kwa hiyo nina matumaini. Lakini ini lenye makovu linaweza kuotesha mwingine upande mwingine, kwa hiyo nitapimwa kila baada ya miezi 3, na dawa ya virusi nameza kila siku.

Sasa linalonikosesha usingizi. Virusi hivi vya homa ya ini B mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Chanjo yake iliingia kwenye chanjo za watoto hapa Tanzania mwaka 2002. Mdogo wako aliipata. Wewe ulizaliwa 1995. Sikujua kama ninavyo, mwanangu, na kliniki hakuna aliyenipima.

Nakuomba Jumatatu uende ukapime damu, umwambie mtu wa maabara unataka kipimo cha homa ya ini B. Ukikutwa navyo, ini lako litafuatiliwa mapema, na dawa zipo zikihitajika. Usipokutwa navyo, waulize kuhusu chanjo siku hiyohiyo. Nenda na mumeo. Ukitoka nipigie, hata kama majibu bado.

Mama yako