Namba tasa: anza na vizibo, fasili ije baadaye

Mwulize mtoto wa darasa la tano namba tasa ni nini, atakujibu bila kusita: "Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe." Mwulize tena kama 9 ni tasa, na wengi watasema ndiyo. Wamekariri sentensi, lakini tasa na witiri bado zimechanganyika kichwani.

Kwa hiyo fasili isubiri. Mpe vizibo 12 vya soda, apange mistari yenye idadi sawa. Atapata 2 kwa 6, atapata 3 kwa 4. Mpe 9, zitakaa 3 kwa 3. Kisha mpe 7 na umwache ahangaike mpaka aone mwenyewe kwamba haipangiki ila mstari mmoja. Hapo ndipo umwambie: namba tasa ina vigawo viwili tu, wala si zaidi wala pungufu. Kwa fasili hiyo, 1 inatoka yenyewe, kwa kuwa ina kigawo kimoja, na 2 inabaki japo ni shufwa.

Sasa njoo kwenye chekeche la Eratosthenes, Mgiriki aliyeishi Alexandria, Misri: njia ya kukata namba zisizo tasa mpaka zibaki tasa tu. Andika 1 hadi 100, ila weka namba sita kila mstari badala ya kumi. Kata 1. Zungushia 2, kata vigawe vyake vingine: 4, 6, 8 na kuendelea. Safu tatu zitaondoka, ibaki 2 peke yake. Fanya hivyo kwa 3, halafu 5, halafu 7. Vigawe vya 5 na vya 7 hushuka kimshazari, kwa hiyo mtoto akiruka nafasi moja utaliona kosa papo hapo. Kwenye jedwali la namba kumi kumi, kosa la 7 hujificha, nalo ndilo linalotokea mara nyingi.

Ukifika 7, namba mpya za kukata ni tatu tu: 49, 77 na 91. Mwache ajiulize kwa nini hakuna haja ya kuendelea na 11. Jibu ni kwamba 11 × 11 ni 121, imeshapita 100. Zitabaki namba tasa 25.

Wasumbufu, zinazoonekana tasa kumbe si tasa, ni 51, 57, 87 na 91. Tatu za mwanzo hunaswa kwa kujumlisha tarakimu: 5 + 1 ni 6, inagawanyika kwa 3. Kwa 91 njia hiyo haisaidii, agawanye kwa 7 apate 13.

Akishazoea, mpe 51/68 arahisishe. Asipoiona 17, mrudishe kwenye vigawo tasa: 3 × 17 juu, 2 × 2 × 17 chini.