Ana bima Marekani, mbona analipa mwenyewe?

SWALI: Mwanangu anafanya kazi ghalani mjini Columbus, Marekani, na ana bima ya afya ya kazini. Mwezi uliopita alipigwa picha ya goti, akadaiwa dola 900 zote. Anasema bima yake ndivyo ilivyo, na kwamba ana dola 2,000 katika akaunti ya matibabu. Nilipomwomba azitoe kwa operesheni ya mtoto wa jicho ya baba yake, alikataa. Je, ana bima kweli, au ananificha jambo?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Bibi, bima anayo, wala sioni kama anakuficha. Aliyoichagua ni ile ambayo ada yake ya kila mwezi ni ndogo kwa sababu mwanachama amekubali kubeba mwenyewe gharama za mwanzo za kila mwaka mpaka zifike kizingiti kilichowekwa, ndipo kampuni ianze kuchangia. Kwa mwaka 2025 sheria ya huko ilitaka kizingiti hicho kisipungue dola 1,650 kwa mtu mmoja. Tuseme cha mwanao ni dola 3,000: zile 900 ni mzigo wake, lakini zimehesabiwa, na zimebaki 2,100. Akishavuka hapo, kwa kawaida yeye naye huendelea kulipa sehemu, hadi ukomo ambao mwaka huo haukuruhusiwa kuzidi dola 8,300 katika hospitali zenye mkataba na bima yake. Mwaka wa bima ukianza upya, hesabu nayo huanza sifuri. Chanjo na vipimo vya kinga havisubiri kizingiti.

Akaunti hiyo iliwekwa kwa sheria ya 2003 kwa ajili ya watu wenye bima ya namna hii. Fedha hukatwa mshaharani kabla ya kodi ya serikali kuu, na zikitumika kwa matibabu hazitozwi kodi hata wakati wa kuzitoa. Zile 900 angeweza kuzilipa humo humo. Zisipotumika hubaki zake, hata akiacha kazi. (Ipo akaunti nyingine ya mwajiri ambayo masalio yake kwa kawaida hupotea mwaka ukiisha, na ndiyo inayowakimbiza watu kununua miwani mwezi wa Disemba. Asizichanganye.)

Sasa la baba yake, ambalo nadhani ndilo lililokuuma. Kutibiwa nje ya Marekani si kikwazo: yeye mwenyewe akiugua likizoni Pemba, au mkewe akitibiwa Mkoani, fedha hizo zinatumika. Mzazi, hata hivyo, lazima atambuliwe kisheria kuwa tegemezi wake, na mzazi anayeishi Pemba ambaye si raia wa Marekani hawezi kuandikwa hivyo. Mwanao akizitoa kwa ajili yake kabla ya kutimiza miaka 65, atazilipia kodi na adhabu ya asilimia 20 juu yake, yaani katika kila dola 1,000, dola 200 zimekwenda kabla hata kodi haijahesabiwa. Fedha ya jicho itoke katika mshahara uliokwishakatwa kodi, na hiyo muombe kwa utulivu, maana goti lake nalo bado linadai.