Swali la msomaji: Ni namba zipi za E zenye gluteni?

SWALI: Binti yangu ana miaka 6. Aligundulika na siliaki, ugonjwa ambao gluteni huumiza utumbo, miezi 9 iliyopita. Tangu hapo nafuata orodha niliyotumiwa WhatsApp ya namba kama 40 za E, eti zina gluteni iliyofichwa: E150, E330, E415, E621, E1442 na nyinginezo, pamoja na maltodekstrini, wanga uliovunjwavunjwa. Nasoma kila pakiti, hata ya peremende. Lakini kipimo chake cha damu cha kingamwili za siliaki, tTG, kimeshuka kidogo tu na tumbo bado linajaa gesi. Uji nampa wa lishe, nafaka nachagua mwenyewe na kwenda kusagisha. Gesi ikizidi namtilia mvuje. Ni namba gani nimeiruka? Mdogo wake naye nimemwachisha ngano asije akaupata. Mama, Tanga.

JIBU: Hujaruka namba yoyote, mama. Orodha yenyewe ndiyo ya kufuta, na aliyeitunga hajui namba ya E ni kitu gani.

Namba hiyo hutaja kitu chenyewe kilichoongezwa kwenye chakula, kama rangi au kihifadhi. Haisemi kimetoka kwenye nafaka gani. E330 ni asidi ya sitriki, ile ile inayofanya ndimu iwe kali. E621 ni chumvi ya asidi ya glutamiki, iliyosafishwa mpaka ikawa fuwele. E150 ni sukari iliyounguzwa. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai, na humo haimo. Hata maltodekstrini iliyotokana na ngano husafishwa sana, kiasi kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya imeisamehe kutajwa kwenye lebo kama kisababishi cha mzio. Watu huliogopa jina lake kwa sababu linaanza na “malt”. Kimea halisi ni kingine: ukikuta “malt extract” kwenye bofulo, kinywaji cha unga au hata pakiti ya konfleksi, hiyo kwa kawaida ni shayiri, irudishe rafuni. Konfleksi ni mahindi, ndiyo, lakini nyingi hukolezwa kwa kimea.

Kinachosikitisha zaidi ni E415, yaani “xanthan gum”. Hiyo ndiyo inayoshikilia mkate usio na ngano. Nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha unga wa mchele, na mkate haumomonyoki mkononi. Kwa ajili ya orodha ile mtoto amekosa mkate bure miezi 9.

Katika zote ulizotaja, ya kuiuliza asili ni E1442, pamoja na wanga mwingine uliorekebishwa, E1404 hadi E1451. Huo unaweza kutoka kwenye mahindi, muhogo, viazi au ngano. Kanuni za Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, zinataka nafaka yenye gluteni itajwe kwa jina, kwa hiyo tafuta neno ngano kwenye viambato. Pakiti ya kuagizwa ambayo stika ya mwagizaji imefunika viambato, iache.

Sasa twende kwenye uji. Mashine ya mtaani inayosaga lishe husaga ngano pia, maana wengi huichanganya humo. Unga wa mteja aliyetangulia hubaki kwenye chekeche, kwenye mdomo wa mashine na kwenye mfuko wa kupokelea. Gramu moja ya unga wa ngano ina gluteni miligramu 80 hivi. Zikibaki gramu 5 tu na kuingia kwenye kilo yako, umepata miligramu 400 kwa kilo. Kikomo cha Codex cha chakula kisicho na gluteni ni 20. Kikombe cha uji wa gramu 30 za unga kina miligramu 12, na vikombe viwili kwa siku ni 24, wakati kiwango ambacho wagonjwa wengi hukihimili bila utumbo kuumia ni chini ya 10 kwa siku. Kumwomba mwenye mashine apitishe mahindi kidogo kwanza “kuisafisha” hakutoshi. Nunua mashine ndogo ya kusagia nyumbani isiyoguswa na ngano, au twanga kwenye kinu chake mwenyewe. Chekeche na kibao cha chapati navyo viwe vyake, kwa sababu havioshiki vikaisha unga.

Halafu mvuje. Ule wa unga kwenye kikopo si utomvu mtupu. Mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili usigande. Ukibana gramu 0.3 na nusu yake ikawa ngano, umempa miligramu 12 nyingine, tena kama dawa ya gesi. Soma kikopo, na hata ule wa donge usome, maana nao unaweza kuwa na ngano.

Badilisha hayo, kisha rudia tTG baada ya miezi 6, kwenye maabara ile ile, kwa sababu vipimo tofauti vina vizio tofauti vya kuhesabia.

Usishawishike na vidonge vya kimeng'enya “vinavyoyeyusha gluteni”. Hakuna kinachomruhusu mgonjwa wa siliaki kula maandazi. Wala na video za kudondoshea iodini kwenye chakula eti kupima gluteni. Iodini hugeuza wanga kuwa bluu, basi. Hata ugali mtupu utageuka. Na anayekwambia umzoeshe ngano kidogo kidogo anakuuzia utumbo uliochubuka.

Mdogo wake hawezi kuambukizwa. Ila ugonjwa huu hufuata damu, takriban ndugu mmoja kati ya kumi huwa nao, kwa hiyo apimwe. Mrudishie mkate na chapati kwanza, kila siku, kwa muda utakaopangiwa na daktari. Aliyeachishwa ngano kipimo chake huweza kutoka safi hata kama anaumwa.