Maswali ya Wasomaji: Wenye Mbio Wanatuacha Kwenye Theluji

Shikamoo Mzee. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, naishi Bergen, Norway. Tuko sita, tunajiandaa kuvuka barafu ya Greenland mwakani kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni za kutelezea kwenye theluji. Juzi tulikwenda Finse, huku huku Norway milimani, kufanya mazoezi, kila mtu akiburuta sleji yake, lile hori la plastiki la mizigo linalofungwa kiunoni. Wawili wenye mbio walitangulia. Kila tukiwafikia wameshapumzika, wanainuka na kuondoka. Usiku hemani kila mtu kimya. Sasa kiongozi anataka twende hotelini siku nzima tucheze michezo ya kujenga ushirikiano. Mimi ndiye mzito wa kutembea, tena mweusi peke yangu, naona haya kulalamika. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Hiyo hela ya hoteli nunueni soksi.

Michezo ya kufumba macho na kudakana haina ubaya, ila sijaona iliyompunguzia mwendo mtu mwenye miguu mirefu. Tangu niache kupandisha wageni Kilimanjaro nimekuwa nikitembea na vikundi huko huko Finse, na ugomvi mwingi niliouona ulianzia pale pale ulipoanzia wenu: kwenye mapumziko.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mwenye mbio anafika, anakalia sleji yake, anakunywa chai, anatafuna chokoleti. Jasho linaanza kumpoa mgongoni. Ninyi mkitokea, yeye tayari anatetemeka, lazima aondoke. Si roho mbaya, ni baridi inamfukuza. Basi wewe uliyechoka kuliko wote ndiye unayepumzika kidogo kuliko wote, au hupumziki kabisa. Ikifika alasiri huna nguvu, naye ameshaamini kwamba wewe ni mvivu. Kesho yake hamsemezani.

Dawa yake ni saa ya mkononi. Mtembee kwa mstari mmoja dakika 50, kisha mpumzike dakika 10, wote pamoja. Wa mbele abadilishwe kila baada ya mapumziko, na ajue kwamba kazi yake ni kutazama nyuma. Akiona nafasi imefunguka, apunguze. Mkisimama, kabla ya kula na kabla ya haja, kila mtu avae koti lake nene juu ya nguo zote. Dakika ya 10 ikitimia mnaondoka, hata kama mtu bado ana jibini mdomoni.

Halafu mizigo, na hapa ndipo watu wanapoona haya. Sleji zenu zina uzito sawa, sivyo? Nani alisema lazima ziwe sawa? Wewe wodini hupimi dawa ya mtoto na ya mtu mzima kwa kijiko kimoja. Toeni chupa za mafuta ya jiko na sehemu ya chakula kwenye sleji yako, wabebe hao wawili. Wao watapata kazi inayowatosha, wewe utapata pumzi. Ila lifanyike asubuhi ya kwanza, kiongozi alitangaze kama jambo la kawaida la safari. Likisubiri saa nane mchana, upepo unavuma na mtu analia, litaonekana ni adhabu, na hakuna anayeisahau.

Kuhusu ukimya wa usiku: mna mahema mawili ya watu watatu, na nina hakika hao wawili wanalala pamoja. Watenganisheni. Shackleton, yule msafiri wa zamani wa Antaktika, aliyekwenda Finse mwaka 1914 kujaribu vifaa vyake, alilijua hilo vizuri. Meli yake Endurance ilipopondwa na barafu mwaka 1915, watu 28 wakahamia kwenye mahema juu ya barafu, na baadhi ya wale aliowaona wasumbufu aliwaweka hema moja na yeye. Kiongozi wenu naye alale na anayemkera zaidi. Na jiko liwe na zamu. Kuyeyusha theluji ya kutosha watu watatu kunakula jioni nzima; akiachiwa mtu mmoja kila siku, siku ya nne utasikia sufuria zinavyogongwa.

Sasa hilo la kuwa mweusi peke yako, ambalo umelitaja kwa kupita tu. Kila mapumziko inabidi mkaguane nyuso: pua, mashavu, masikio. Wenzako wamezoea kutafuta doa jeupe, dalili kwamba ngozi inaganda kwa baridi. Kwenye ngozi yako huenda wasilione. Panaweza kugeuka rangi ya majivu, ngozi ikakakamaa, na wewe husikii kitu. Waeleze kabla hamjatoka, na mchague mmoja awe wa kukutazama wewe kila mara. Akiona dalili, aweke kiganja chenye joto hapo, asisugue. Usione haya. Pua ni yako.

Asalaam aleikum. Tuko vijana watano hapa Muscat, asili yetu Unguja. Tunataka kwenda Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, kwa ski. Theluji hatuna. Mchanga utatufaa?

Waaleikum salaam. Utawafaa kwa nusu ya kazi. Wanawake waliofika Ncha ya Kaskazini Aprili 2018 wakiongozwa na Felicity Aston, msafiri Mwingereza wa nchi za barafu, wengine Wazungu, wengine Waarabu, na Mwomani akiwa mmoja wao, walifanya mazoezi Iceland na pia jangwani hapo hapo Oman. Burutani matairi mchangani kwa mstari mmoja, kwa kufuata saa, kwa zamu. Shikeni njia kwa dira mahali pasipo na mti wala jiwe. Simamisheni hema upepo ukivuma, mkiwa mmevaa glavu nene. Jirani akiwacheka, mwacheni acheke. Nusu ya pili ni baridi yenyewe, na hiyo haina mbadala. Tengeni fedha za wiki moja Norway au Iceland, na mwende wote watano. Mkipeleka wawili ili wakawafundishe watatu, mtarudi na vikundi viwili.