Maswali ya Wasomaji: Tangi la Kwanza la Maji ya Bahari

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Kisauni, Mombasa. Kwa miaka mingi nimetamani kufuga samaki wa baharini sebuleni kwangu, na sasa nimeweka akiba ya shilingi 30,000 za Kenya kwa ajili hiyo. Nina tangi la kioo la lita 40 nililopewa na jirani. Nakusudia kwenda mwambani maji yanapokupwa, nichukue mchanga, vipande viwili vitatu vya matumbawe yenye rangi pamoja na samaki wadogo wa kwenye vidimbwi, kisha nilijaze tangi maji ya bahari na kuwatia samaki siku hiyo hiyo. Je, mpango huu unafaa? (Msomaji wa Kisauni)

JIBU: Mwalimu, mpango wako una jambo moja zuri sana, nalo ni kwamba unaishi karibu na bahari. Wafugaji wa Nairobi au wa Ulaya hununua chumvi maalumu kwa kilo, hununua mawe kwa kilo, na hulipia umeme wa kuyapasha maji joto usiku kucha, ilhali wewe mambo hayo matatu unayapata kwa nauli na jasho. Mengine katika mpango huo nakuomba uyaache, kwa sababu samaki utakaowatia siku ya kwanza hawatamaliza wiki, na matumbawe utakayoyabandua yatakuwa yamekufa kabla hujafika nyumbani au muda mfupi baada ya hapo.

Nianze na matumbawe, maana ndiyo yanayoniuma zaidi. Tumbawe ni mnyama hai, na mengi kati ya yale yanayojenga miamba yetu hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya upande wetu wa Bahari ya Hindi, na miamba mingi haijarudia hali yake ya zamani. Ukanda ulio mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu ni hifadhi ya taifa ya bahari tangu mwaka 1986, na ndani yake hairuhusiwi kuchukua chochote, hata kombe tupu. Tena matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Hata kama sheria isingekuwapo, tangi jipya haliwezi kuyaweka hai: yanahitaji taa kali za gharama, maji yasiyobadilikabadilika, na mfugaji mwenye uzoefu wa mwaka mmoja au zaidi.

Badala yake tumia jiwe ambalo watu wa pwani wamelijua kwa karne nyingi, yaani lile jiwe la matumbawe la machimboni, linalochimbwa nchi kavu na ambalo limejenga nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja. Huo ni mwamba wa bahari ya kale uliogeuka jiwe, una vitundu vingi, na hakuna kiumbe hai kitakachoumia ukiuchukua. Omba vipande vilivyovunjika kwenye machimbo au mahali panapojengwa, jumla yake kilo 15 hadi 20, ukihakikisha havijaguswa na saruji, chokaa, rangi wala mafuta. Visugue kwa brashi ngumu, kisha viloweke katika pipa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa wiki tatu au nne, ukiyabadilisha maji kila baada ya siku chache hadi yabaki maangavu. Mchanga nao ununue kwa muuzaji wa samaki wa mapambo, au uache sakafu ya tangi wazi, jambo ambalo halina ubaya wowote na hurahisisha usafi.

Sasa tuje kwenye tangi lenyewe. Anayeanza huamini kwamba tangi dogo ndilo rahisi, lakini katika maji ya chumvi ni kinyume chake. Maji yanapokuwa mvuke chumvi hubaki, kwa hiyo lita mbili zikipotea katika tangi la lita 40 ukali wa chumvi hupanda kwa asilimia tano hivi, ilhali lita hizo hizo zikipotea katika lita 180 mabadiliko ni kama asilimia moja tu, na samaki hatayahisi. Ningependa umpe fundi vioo kazi ya tangi la urefu wa sentimita 100, upana wa 45 na kimo cha 45, kwa kioo cha milimita 10. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu ile ya bafuni huwa imetiwa dawa hiyo nayo ni sumu kwa samaki. Likikaa wiki moja likakauka, lijaze maji baridi uani, mahali palipo sawa, uliache siku tatu uone kama linavuja. Lile la lita 40 usiligawe, kwa maana litakuwa chumba cha kumtenga samaki mgeni au mgonjwa.

Uzito wake usikushangaze baadaye. Maji ya bahari yakifika sentimita 40 ni lita 180, sawa na kilo 184, kioo chenyewe kina kilo 44 hivi, na ukiongeza mawe jumla inakaribia kilo 250. Meza ya sebuleni haitoshi. Agiza stendi ya mbao nzito au ya chuma kilichopakwa rangi, na uiweke kwenye ghorofa ya chini kama unaweza, mbali na dirisha lenye jua, ambalo hulijaza tangi mwani na kuyachemsha maji mchana.

Maji yachote wakati wa kujaa, hasa bamvua, yaani siku za maji makuu, bahari inapoingia safi kutoka nje ya mwamba, na uyachote mahali palipo wazi kwa bahari kuu; usiyachote katika hori ya Tudor wala karibu na bandari ya Kilindini. Ukimpata mvuvi atakayekutoa nje kwa mashua ni bora zaidi. Epuka siku zinazofuata mvua kubwa za masika, wakati mito na mifereji ya mji humwaga matope na uchafu baharini. Tumia madumu ya plastiki yaliyobeba maji ya kunywa tu, kamwe si yaliyobeba sabuni, mafuta ya taa au dawa. Yachuje kwa kitambaa cheupe kizito, kisha yaache gizani yakiwa yamefunikwa kwa wiki mbili, ili vijidudu vinavyoelea vife na takataka zitulie chini. Kabla ya kuyatumia yapulizie hewa kwa siku nzima.

Vifaa vya kununua ni vichache, na hapa ndipo akiba yako inapopaswa kwenda baada ya kumlipa fundi. Nunua pampu ya kuzungusha maji yenye uwezo wa lita 1,500 hadi 2,000 kwa saa, pampu ndogo ya hewa, haidromita ya kupimia chumvi, kipimajoto, na seti ya dawa za matone za kupimia amonia, nitriti na nitrati. Taa ya kawaida ya LED inatosha kwa tangi la samaki peke yao. Kipasha joto hukihitaji Mombasa. Tatizo lako litakuwa joto kuzidi, na feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji huyashusha kwa nyuzi mbili au zaidi. Wauzaji watakuonyesha vitu vingine vingi vinavyong'aa. Ukilazimika kupunguza matumizi, punguza taa, punguza mapambo, lakini seti ya kupimia usiiache, kwa sababu sumu ninayotaka kuieleza haina rangi na, kwa kiasi kinachoua samaki, haina hata harufu utakayoitambua.

Sumu hiyo ni amonia. Samaki huitoa kupitia mashavu yake, na chakula kinachooza huizalisha pia. Baharini hupotea katika maji mengi yasiyo na mwisho, lakini ndani ya kioo hujilimbikiza hadi imuunguze aliyeitoa. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wanaojenga makazi yao kwenye vitundu vya jiwe: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni hatari, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hawa huja wenyewe, ila huchukua muda kuongezeka, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na muda huo hauwezi kununuliwa kwa bei yoyote.

Kwa hiyo tia mawe na maji, washa pampu, kisha weka kamba mbichi mmoja wa sokoni, mkubwa kama kidole gumba, umwache aoze. Pima kila baada ya siku mbili na uandike katika daftari. Utaona amonia ikipanda, halafu ikishuka huku nitriti ikipanda, na mwishowe zote mbili zitafika sifuri na kubaki nitrati peke yake. Zikikaa sifuri kwa wiki nzima, mwondoe kamba kama kuna kilichobaki, badilisha maji robo tangi, na sasa samaki anaweza kuingia. Katika wiki hizo watoto watakuuliza kila siku samaki wako wapi. Wape daftari wao ndio waandike vipimo, nawe utakuwa umepata somo la sayansi ambalo hakuna kitabu cha darasani kinacholifikia.

Samaki wa kwanza wawe wawili tu, na uwanunue kwa muuzaji anayechukua kwa wavuvi wenye leseni wanaovua kwa nyavu za mkono. Ningechagua Amphiprion akallopisos, samaki wa rangi ya chungwa hafifu mwenye mstari mweupe mgongoni, anayeishi katika miamba yetu wenyewe. Porini hulala ndani ya anemoni, mnyama laini wa mwambani mwenye minyiri inayouma, lakini kwenye tangi huishi vizuri bila anemoni, na usidanganywe ununue vyote viwili. Samaki aitwaye kangaja mwache, kwani huhitaji nafasi ya kuogelea mara kadhaa ya hiyo uliyo nayo, na samaki kipepeo mwache pia, kwa kuwa aina nyingi hula matumbawe na hukataa chakula kingine mpaka zife njaa. Mwezi mmoja baadaye ongeza duvi wachache na konokono wa kula mwani, kisha samaki mwingine mmoja mmoja, wasizidi watano wadogo.

Kila wiki toa dumu moja la lita 20 la maji ya zamani na utie dumu moja la maji mapya ya bahari. Upungufu wa kila siku uujaze kwa maji yasiyo na chumvi, na hapa wengi hukosea kwa kujaza maji ya bahari juu ya chumvi iliyokwisha kubaki. Maji ya kisima ya pwani mengi yana chumvi na madini, ya bomba yana klorini, kwa hiyo yanunue yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa lita madukani. Haidromita isomeke 1.025 hivi, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila lita.

SWALI: Ninaishi Dodoma, mbali na bahari. Je, naweza kutengeneza maji ya bahari kwa chumvi ya jikoni, au kwa chumvi ya mawe ya Bagamoyo isiyosafishwa? (Msomaji wa Dodoma)

JIBU: Hapana, wala hiyo ya Bagamoyo haifai, ingawa inatoka baharini. Maji ya bahari yanapokaushwa kwenye mashamba ya chumvi, chokaa na jasi, zenye madini ya kalisi, hutangulia kujitenga chini, kisha chumvi tunayoila huganda na kukusanywa, na maji machungu yanayobaki, ambayo yamebeba sehemu kubwa ya madini ya magnesi, humwagwa. Ukiiyeyusha tena chumvi hiyo huyapati maji ya bahari. Unapata maji yenye chumvi tu, yaliyopungukiwa na kalisi na magnesi ambazo viumbe wa baharini hawawezi kuzikosa.

Utalazimika kununua chumvi maalumu ya matangi. Kwa lita 180 utatumia kilo sita hadi saba mwanzoni, na gramu 700 au zaidi kila wiki kwa kubadilisha lita 20, yaani zaidi ya kilo 36 kwa mwaka. Ulizia bei yake kwanza, uzidishe, ndipo uamue, na usisahau kipasha joto, kwa kuwa usiku wa Dodoma mwezi wa Julai ni baridi kwa samaki wa mwambani. Hesabu ikikushinda, wafikirie samaki wa Ziwa Tanganyika. Wana rangi na tabia za kuvutia kama wa baharini, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na maji yao hayahitaji chumvi ya kununua kila mwezi.

SWALI: Hapa Tanga umeme hukatika hata kwa saa sita. Mara ya mwisho niliamka nikakuta samaki wote wako juu wakitweta, na wawili walikufa. Nifanye nini? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Pole sana. Kilichowaua ni ukosefu wa oksijeni. Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji yasiyo na chumvi ya joto lile lile, na kadiri yanavyozidi kuwa ya moto ndivyo oksijeni inavyozidi kupungua, kwa hiyo samaki wako hawana akiba ya kutosha pampu inaposimama. Nunua pampu ya hewa ya betri, ile wanayoitumia wavuvi kuweka chambo hai, na kabla hujaipata tumia jagi: chota maji ya tangi na uyamimine kutoka juu, mara ishirini au thelathini, kila baada ya robo saa. Usiwalishe umeme ukiwa haupo. Kama una kichujio cha kopo lililofungwa na kimezimika kwa saa nyingi, mwaga maji yaliyomo na ukioshe kwa maji yaliyotolewa tangini kabla ya kukiwasha tena, maana bakteria waliomo huwa wamekufa kwa kukosa hewa, na uozo wao wote ungerudi kwa samaki mara moja.